Kikohozi cha Karani

Mzee huyu alistaafu ukarani wa mahakama miaka minane iliyopita, lakini ukarani wenyewe ulikataa kustaafu. Mtaani waliendelea kumwita Karani, naye aliendelea kuvaa shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kifungo cha juu, hata kwa kwenda bombani tu, na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika yaliyosemwa mbele ya hakimu bila kuongeza chumvi. Na kila asubuhi, kabla hakimu hajaingia, alijikohoza mara moja, khm-hm, ukumbi mzima ukasimama. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe, na watu walikiheshimu kuliko kengele.

Nyumbani, Hakimu alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka sita. Karani ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa sababu mtoto alikuwa akikutazama kidogo, anatoa uamuzi, na sababu haelezi. Vibanio vya nguo, kwa mfano, aliamua kwamba mahali pake ni sakafuni, kwenye mstari, vyekundu na vyekundu, vya kijani na vya kijani. Ukisogeza kimoja, kilio chake kilifika nyumba ya tatu. Maneno alikuwa nayo sita au saba, na mengine hakuona haja nayo. Daktari alisema mtoto ana usonji, na mama yake, ambaye ni binti wa Karani, alilia wiki nzima, kisha akajifuta uso akaanza kutafuta msaada. Mama huyo ni mwoka mikate. Jogoo akiwika yeye yuko kwenye oveni tangu zamani, kwa hiyo asubuhi zote za Hakimu zilikuwa mikononi mwa babu.

Ndiyo maana kila Jumanne na Alhamisi ni Karani aliyekaa kwenye kiti cha kitoto katika kituo cha mafunzo ya watoto wenye usonji, magoti yakimgusa kidevu, akimkagua mtaalamu kazini. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye raba miguuni na kadi za picha shingoni. Alimwambia Hakimu, "Kaa." Hakimu alipokaa, akampa kibanio kimoja chekundu.

"Binti," alisema Karani, "hapo umempa nini?"

"Kibanio, babu. Amefanya nilichomwambia, amepata anachokipenda."

"Mimi nimeandika kesi za watu waliofungwa kwa mambo kama hayo."

"Babu yangu, mkono mtupu haulambwi. Wewe ulikuwa unakwenda mahakamani bure?"

Karani alinuna, na kwake kununa kulikuwa ni kukubali.

Kilichomvuta hasa ilikuwa fomu. Mtaalamu alimpa bunda zima akajaze nyumbani, na kila karatasi ilikuwa na safu nne: saa, agizo, alichofanya mtoto, na msaada aliopewa. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, alisisitiza mtaalamu. Ukimshika mkono, andika. Ukimnyooshea kidole, andika. Lengo ni msaada upungue siku hadi siku mpaka uishe, mtoto asimame mwenyewe. Karani alizipokea fomu zile kwa mikono miwili. Miaka minane hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aandike kitu.

Akaandika. "Saa 2:14 asubuhi. Mtoto aliamriwa kukaa. Alikaa. Msaada: hakuna." "Saa 2:31. Mtoto aliamriwa kuleta kikombe. Alikileta, kikiwa na chai ya Karani ndani, ambayo ilimwagika njiani. Kikombe hata hivyo kilifika. Msaada: hakuna." "Saa 3:05. Mtoto aliamriwa kuvua viatu. Alivua vya kwake, kisha vya Karani. Msaada: hakuna." Wiki mbili zilipopita, nyumbani Hakimu alikuwa akitii mara tisa katika kumi. Karani alitembea mtaani kifua mbele.

Na kulikuwa na sababu ya kutembea hivyo. Shule mbili zilikuwa zimekwisha kumkataa mtoto. Ya tatu, jirani na oveni ya mama yake, ilikuwa na darasa dogo lenye mwalimu msaidizi, na nafasi moja tu imebaki. Mwalimu mkuu alisema atamtazama mtoto mwenyewe, Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hapo: maagizo matano kutoka kwa mtu asiye wa familia, bila kushikwa wala kuonyeshwa. Akiweza manne, anaingia. Akishindwa, mwaka mwingine wa kukaa nyumbani, na kila mwaka wa nyumbani unaufanya wa shule kuwa mgumu zaidi.

Tatizo ni kwamba kituoni Hakimu alitii mara mbili katika kumi.

"Babu," mtaalamu alianza, akiwa ameshika bunda la fomu na kutazama kila mahali isipokuwa usoni mwake, "hizi umeziandika wewe?"

"Hati ni yangu."

"Na hapa unaposema hakuna msaada. Hata kidogo? Maana wakati mwingine mtu anampenda mjukuu wake, anaona aibu, basi anaandika..."

Hakumaliza. Karani alikuwa amesimama, na kiti kile cha kitoto kilisimama naye, kikiwa kimembana nyuma.

"Binti, kwa miaka thelathini na mmoja mahakimu saba wamesoma hati yangu. Wezi wameisoma. Hakuna aliyewahi kusema nimeandika uongo." Akajikwamua kutoka kwenye kiti. "Njoo nyumbani uone kwa macho yako."

Mtaalamu akaja Jumamosi mchana, mama naye akiwa amerudi kutoka kazini na unga bado nyusini. Alisalimia, "Shikamoo, babu," akajibiwa marahaba ya baridi. Hakimu alikuwa sakafuni na vibanio vyake. Karani alisimama katikati ya sebule, akanyoosha ukosi.

"Khm-hm. Kaa."

Hakimu akaenda akakaa kwenye kiti chake.

"Khm-hm. Leta kikombe."

Kikombe kikaja, safari hii kitupu. Maagizo matano, matano yote. Karani aligeuka kumtazama mtaalamu, na kuna maneno mengi yanayoweza kusemwa kwa macho tu.

"Mama mtu naye ajaribu," alisema mtaalamu.

"Kaa, mama," mama akamwambia bintiye kwa sauti ya asali. Hakimu hakuinua hata kope. Mtaalamu alijaribu, akapata matokeo yale yale. Basi akaanza kupeleleza. Alimwomba Karani aweke mikono mfukoni, labda anaashiria bila kujua. Mtoto akakaa. Akamwomba afumbe macho. Mtoto akakaa. Akamwomba aangalie ukutani. "Khm-hm. Kaa," Karani aliuambia ukuta, na nyuma yake mtoto akakaa. Mwisho akaombwa abaki hapo hapo ukutani, anyamaze, mama ndiye aagize. Mama akaagiza mara tatu. Mtoto akaendelea kupanga vibanio.

Hapo uvumilivu wa mzee ukafika mwisho. Kusimamishwa ukutani, katika nyumba yake mwenyewe, na msichana anayeweza kuwa mjukuu wake. Alikusudia kutoa hotuba, na hotuba zake zote zilianza namna moja.

"Khm-hm," alisema.

Hakimu akakaa.

Hakuna aliyemwambia akae. Hakuna aliyekuwa amesema chochote. Mtaalamu aliweka kalamu chini polepole.

"Babu, hebu fanya tena hivyo."

"Nifanye nini?"

"Hicho cha kooni."

"Kooni kuna nini?" aliuliza Karani kwa moyo mweupe kabisa, kisha, kwa kuwa alikuwa anaanza kukasirika, akajikohoza. Hakimu, ambaye alikuwa amekwisha kukaa, aliinuka kidogo akakaa upya, ili pasiwe na malalamiko.

Mama mtu alicheka mpaka akashika mlango. "Baba, ni kikohozi chako. Mimi nimekua nacho hicho. Nilikuwa nikikisikia naficha daftari."

Mtaalamu alieleza taratibu, maana aliona uso wa mzee unabadilika. Kwa mtoto huyu, alisema, maneno ya watu ni mengi na yanapita tu, kama redio ya jirani. Lakini kikohozi cha babu hakibadiliki, kinakuja kila mara kabla ya agizo, na ndicho kinachomwambia kwamba sasa ni kazi. Si kosa. Ila ni msaada, na shuleni hakitakuwepo.

Nyani haoni kundule. Mtu aliyeandika mpaka chai iliyomwagika hakuwahi kujiandika mwenyewe. Karani aliingia chumbani na bunda la fomu, akavuta kiti, akatoa kalamu nyekundu. Mistari mia mbili na kumi na miwili. Kila penye "hakuna" alipiga mstari mmoja mwembamba juu yake, ili la zamani lisomeke kama inavyotakiwa kwenye hati halali, akaandika "kikohozi" na kutia saini ndogo pembeni. Mama alimpitishia chai mara mbili na mara mbili akaikuta imepoa. Mzee aliumia kwelikweli. Alidhani amemfundisha mtoto kusimama, kumbe alikuwa amemfundisha kuegemea mahali pengine.

Zilibaki siku kumi na tatu.

Mpango wa mtaalamu ulikuwa kukififisha kikohozi kidogo kidogo: kwanza kikohozi cha sauti ya chini, kisha mdomo kufunguka tu, kisha mkono kugusa kifungo cha ukosi, kisha bila chochote, na mama na mtaalamu wakiagiza kwa zamu. Lakini ili hilo liwezekane, Karani alitakiwa asikohoe ovyo saa nyingine zote. Na hapo ndipo penye kazi, maana jasiri haachi asili. Alijikohoza akiamka, akifungua mlango, akigeuza ukurasa wa gazeti.

Mama ndiye aliyeleta wazo, na alilileta kwa furaha ambayo haikumpendeza baba yake. Alichora chati ya masaa kwenye karatasi. Kila saa bila kikohozi, nyota moja ya kubandika. Nyota nane kwa siku, Karani anasikiliza taarifa ya habari ya jioni mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumsemesha.

"Mnataka kunihonga kwa nyota," alisema Karani.

"Mkono mtupu haulambwi, baba."

Mkuki kwa nguruwe. Siku ya kwanza alipata nyota moja, ya saa aliyolala mchana. Tena kazi ya kubandika aliitwaa Hakimu mwenyewe, bila kuombwa, kwa kuwa nyota zilikuwa za rangi na chati ilikuwa na mistari, na hakuna jambo hapa duniani lililompendeza zaidi. Alibandika kwa ncha ya kidole, sawasawa, katikati ya mraba. Na Karani akikohoa, alikuja mbio, akaibandua. Hakukuwa na kujitetea. Siku moja mzee alidai ilikuwa vumbi. Hakimu alimtazama kidogo, akabandua.

Mama aligundua kwamba maji yanasaidia. Koo likimwasha baba yake, alimwendea na glasi kabla halijatokea la kutokea, na mzee akanywa, macho yakimtoka. Ilikuwa hivyo mara kumi, mara kumi na tano kwa siku: koo, glasi, kimya. Hakimu aliyatazama haya kutoka kwenye vibanio vyake kama anavyotazama mambo yote, yaani kwa pembeni. Yeye alikuwa na kadi yake ya maji, yenye picha ya glasi, iliyonata kwenye kitabu chake kidogo pamoja na ya biskuti, ya choo na ya vibanio. Aliitumia alipokuwa na kiu yeye, na basi.

Matokeo yaliporomoka kwanza. Bila kikohozi, tatu katika kumi. Kisha nne. Kisha nne tena, siku tatu mfululizo, na mama akaacha kutania. Jumatano sita. Alhamisi sita. Manne katika matano ni nane katika kumi, na hilo kila mtu pale nyumbani alijua bila kulisema. Karani, kwa upande wake, alikuwa amefika nyota tisa kwa siku, na alisikiliza taarifa ya habari katika ukimya mkubwa, asisikie hata neno moja kwa mawazo.

Ijumaa waliingizwa katika darasa lililokuwa limetoka kufutwa ubao. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, alimkaribisha mtu mmoja tu wa familia, akae mlangoni. Mama alikuwa kwenye oveni. Mtaalamu alikaa nyuma na fomu. Karani alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, chati yake imekunjwa mfukoni nyuma ya kalamu, nyota mbili za asubuhi hiyo zikiwa zimeshabandikwa.

"Kaa," alisema mwalimu mkuu.

Hakimu alimtazama babu yake. Babu alitazama dari. Ilipita muda ambao Karani angeweza kuandika ukurasa mzima. Kisha mtoto akavuta kiti, akakaa.

"Weka vitalu vyekundu kwenye boksi."

Hilo alilifanya kabla sentensi haijaisha, na vya kijani akavipanga mstari juu ya meza kwa hiari yake. La tatu lilikuwa "simama". Hakimu alikuwa anatazama feni. Alirudiwa mara moja, mara mbili, na feni ikashinda. Mwalimu mkuu akaandika kitu. La nne, "niletee kitabu", likafika, kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu. Matatu. Limebaki moja.

Na vumbi la chaki, ambalo lilikuwa limeelea kwa subira muda wote huo, likatua kooni mwa Karani.

Alimeza mate. Akameza tena. Akafikiria mambo makavu, na hiyo haikuwa akili. Mwalimu mkuu alinyoosha kiganja, akamwambia mtoto, "Nipe kadi ya kitu unachotaka," na wakati huo huo machozi yalianza kumshuka mzee, uso ukaiva, kifungo cha juu kikatetemeka.

Hakikuwa khm-hm. Kilikuwa kikohozi cha kweli, cha kifua kizima, kilichomwinamisha mpaka kalamu zikamwagika. Mtaalamu alifumba macho. Katikati ya kukohoa Karani alielewa vizuri alichokifanya: agizo la mwisho limetolewa, kikohozi kimesikika, na lolote atakalofanya mtoto sasa litaandikwa kwamba alisaidiwa. Alikuwa ameipoteza nafasi ya mjukuu wake kwa koo lake mwenyewe. Alitaka kuomba radhi, na hata hilo akashindwa.

Hakimu alifungua kitabu chake. Akabandua kadi ya maji, akaiweka kwenye kiganja cha mwalimu mkuu.

"Unataka maji?" Mwalimu mkuu alimimina glasi kutoka kwenye jagi la mezani, akampa. Mtoto hakuipokea. Aliushika mkono wa mwalimu mkuu kwenye kifundo, glasi ikiwa ndani yake, akamvuta mpaka mlangoni, akausukuma mkono ule hadi chini ya pua ya babu.

Karani akanywa. Kukatulia.

Hakimu akasubiri mpaka amemaliza. Kisha akatia vidole viwili kwenye mfuko wa shati la babu, akatoa chati, akaikunjua gotini, akabandua nyota ya saa nne. Akarudi kwenye kiti, akakaa.

"Hilo la nyota ni nini?" aliuliza mwalimu mkuu, bado kashika glasi tupu.

"Adhabu yangu," alisema Karani kwa sauti iliyokwaruza. "Nimekohoa."

"Nani kamwagiza aibandue?"

"Hakuna. Hanipendelei."

Mwalimu mkuu akamgeukia mtaalamu. "Agizo la tano nalihesabu au silihesabu?"

Mtaalamu alikuwa mwekundu wa macho, lakini alikuwa mtu wa haki. "Siwezi kusema kikohozi hakikumsukuma, mwalimu. Nyumbani babu akikohoa analetewa maji, na mtoto ameliona hilo sana. Huenda kwake ni mpangilio tu: kikohozi, kisha maji."

"Huenda." Mwalimu mkuu alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. "Mimi nilimwomba kadi ya anachotaka yeye. Ameniletea ya anachotaka mwingine. Nina watoto arobaini hapo nje, kwa mpangilio au bila mpangilio, hawajawahi kuniletea hiyo." Akaandika kwenye daftari lake, akalifunga. "Jumatatu, saa mbili kasoro robo. Aje na vibanio vyake. Na wewe mzee, tafadhali, uishie getini."

Karani alitaka kujibu kwa heshima inayostahili, akafungua mdomo, akaona Hakimu anamtazama, akaufunga.

Nje, kwenye benchi la uani, wakati mtaalamu anampigia mama simu na kilio cha oveni nzima kinasikika upande wa pili, aliomba apewe fomu aijaze yeye. Aliandika kwa kalamu ya bluu: "Saa 4:20 asubuhi. Karani alikohoa. Mtoto alimwombea maji." Akafika safu ya mwisho, ile ya msaada aliopewa, na hapo kalamu ikasimama. Alipekua kumbukumbu kama karani anavyopekua faili. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekohoa mbele za watu, asubuhi kwa asubuhi, na maelfu walisimama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea maji.

Akatoa kalamu nyekundu. Alipiga mstari mwembamba juu ya neno "aliopewa" kwenye kichwa cha safu, ili lisomeke, akaandika juu yake "aliotoa", akatia saini ndogo pembeni. Kisha akabadilisha kalamu, akajaza: "Glasi moja. Imepokelewa."